Kichocheo cha chanjo kilichopita Kilifi, wazee wakaachwa

Mkanda wa jeshi bado ni ugonjwa wa kunong'onezwa mitaani kwetu. Mzee akitoka malengelenge upande mmoja wa mbavu, wapo watakaosema karogwa, na wapo watakaomdhania ana Ukimwi. Ni kweli Ukimwi hudhoofisha kinga na kuufungulia mlango, lakini uzee peke yake watosha. Kirusi cha tetekuwanga uliyougua utotoni hakitoki mwilini. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu, na kinga ikichoka huamka.

Basi utaifunzaje kinga iliyochoka? Chanjo ya Zostavax ya mwaka 2006 ilitumia kirusi hai kilichodhoofishwa. Ilizuia takriban nusu ya visa kwa waliofika miaka 60, na kadiri umri ulivyosonga ndivyo nguvu yake ilivyopungua. Shingrix, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, haina kirusi hai, ina protini yake moja tu. Lakini katika majaribio ilizuia takriban asilimia 90, hata kwa waliovuka miaka 70.

Siri ni kichocheo kiitwacho AS01. Protini ikiingia peke yake, mwili hauishtukii sana. Kichocheo hiki kina vitu viwili: kimoja hutoka kwenye gome la mti wa quillaja wa Chile, na kingine ni mafuta ya ganda la bakteria yaliyoondolewa makali. Huwaamsha walinzi wa mwili pale penye sindano, nao hupeleka habari za kirusi kwenye tezi, ambako askari wa kinga hufunzwa. Ndiyo maana mkono huuma na homa huja siku moja mbili. Si sumu hiyo, ni kinga imeamka.

Kichocheo hicho si kigeni kwetu. Kimo pia, kwa kipimo kidogo, katika chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyojaribiwa kwa watoto Kilifi na kuanza kutolewa magharibi mwa Kenya mwaka 2019. Watoto wa Pwani wamechangia ushahidi wake, ilhali chanjo ya mkanda wa jeshi haimo katika ratiba ya serikali. Waheshimiwa wetu wa kaunti waulizwe: wazee watafikiriwa lini?

Kwa sasa, ndugu msomaji, ukiona malengelenge hayo kwa mzazi wako, mpeleke hospitali ndani ya siku 3, kwani dawa za kirusi hufaa zaidi zikiwahiwa. Minong'ono haitibu.