Si Kila Unene Ni wa Chapati

Ukinenepa hapa Kiminini, watu wana maneno mawili tu ya kukuambia. Sokoni: "Mambo yako ni sawa, mwili umekubali!" Kliniki: "Mama, punguza chapati." Yote mawili ni uvivu, ila la pili ni baya zaidi kwa sababu limevaa koti jeupe.

Sisemi chapati haina hatia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kama asilimia 27 ya Wakenya wazima wamezidi uzito, na wengi wamefikishwa hapo na chakula na maisha ya kukaa. Lakini kati yao wapo walionenepeshwa na kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo. Ikizidi kwa muda mrefu, uso huwa mviringo, tumbo na kisogo hujaa, mikono na miguu hukonda. Ngozi huvilia damu kwa kuguswa kidogo, na michirizi mipana ya zambarau hutokea tumboni. Mapaja hulegea hadi mtu hawezi kuinuka kitini bila kushika meza. Kisha presha na sukari. Harvey Cushing alieleza hali hii mwaka 1912. Sasa huyo utamtibu kwa kumnyima chapati?

Wengine watasema, basi wapimwe wanene wote. Hapana! Mwongozo wa madaktari wa homoni wa Ulaya wa mwaka 2020 haukubali hilo, na sababu yake ni hesabu: ukisaka ugonjwa adimu kwa kila mtu, majibu ya uongo yatazidi ya kweli. Mkulima atauza gunia la mahindi afuate skani Eldoret, kumbe hana kitu.

Kinachotakiwa kwanza ni macho na swali: "Mama, unapaka nini? Unameza nini?" Kwa maana kotisoli ya dukani ndiyo nyingi kuliko ya tezi: krimu za kung'arisha ngozi zenye steroidi, prednisoloni ya pumu, vidonge vya maumivu ya viungo vinavyonunuliwa bila karatasi ya daktari. Na akikujibu, usimwambie aache leo. Tezi zake zimelala. Akiacha ghafla anaweza kufa. Dozi hushushwa polepole, daktari akiangalia.

Asiyetumia hizo lakini ana dalili, apewe miligramu 1 ya deksamethasoni saa tano usiku, atolewe damu asubuhi. Kotisoli ikikataa kushuka, apelekwe mbele. Kidonge hicho si ghali, na damu inaweza kusafiri bila mgonjwa kupanda matatu.

Kwa hiyo tusiambiwe kwamba vifaa havipo. Kumtazama mgonjwa kabla ya kumhukumu hakuhitaji mashine. Mama aliyekemewa miaka mitano kwa ulafi, na huku mifupa yake ikiliwa na kotisoli, hadai huruma. Anadai aulizwe.