Ufunguo Tunaobaki Nao

Mimi hujipatia riziki kwa kuandika programu za kompyuta, na nitakayoyasema hapa hayatawapendeza wenzangu wa kazi hii. Nyingi ya programu tunazowauzia watu zina kufuli ndani yake, na ufunguo wa kufuli hilo tunabaki nao sisi wauzaji. Mteja haambiwi hivyo siku ya kulipa.

Mwezi wa Februari 2019, mahindi ya vuli yakiwa yamekwisha kuvunwa, nilipita Biharamulo mjini nikielekea nyumbani Ngara. Nikaingia katika duka la pembejeo la mama mmoja anayenijua tangu utoto. Wateja wake wengi huchukua mbegu na dawa za mimea kwa mkopo, wakalipa baada ya mavuno.

"Mwanangu," akaniambia kabla sijamaliza kumwamkia, "hebu niangalizie hili jidude."

Kioo kilikuwa na maneno ya Kiingereza, yakisema kwamba muda wa leseni umekwisha. Madeni ya misimu miwili yalikuwa humo ndani. Ada ya mwaka alikwisha kuilipa, na ujumbe wa malipo alikuwa nao kwenye simu. Lakini ilibidi kompyuta kwanza iwasiliane na wenye programu, walioko Dar es Salaam, na siku ile intaneti haikuwapo. Kesho yake pia haikuwapo. Wakulima walikaa kwenye benchi, fedha mkononi, wakingoja kuambiwa wanadaiwa kiasi gani. Mwishowe kila mmoja alitaja deni lake mwenyewe, na mama akapokea kama alivyoambiwa. Huenda wote walisema kweli. Lakini yule mama hakununua kompyuta ili biashara yake itegemee "huenda".

Najua watakavyonijibu: mtunzi wa programu naye ana watoto, na asiyelipa lazima abanwe. Sikatai. Fundi baiskeli pale Benaco, wanapopumzika madereva wa malori yaendayo Rusumo, huizuia baiskeli aliyoitengeneza mpaka alipwe, na hakuna amlaumuye. Lakini haizuii mihogo iliyofungwa kwenye kareti. Programu ni kazi yangu. Orodha ya madeni ni mali ya mwenye duka. Nikizifunga zote mbili kwa kufuli moja, nimechukua kisicho changu.

Wala sijitoi. Mnunuzi mmoja wa maharage huko Ngara alichelewa kunilipa awamu ya pili, nami nikaingiza katika programu yake mstari mmoja wa kuifunga baada ya siku 90. Siku ya 91 akanipigia simu, lori likiwa mlangoni linangoja kupakia. Alikuwa amekwisha kunilipa zamani. Mimi ndiye niliyesahau kuutoa ule mstari.

Kisingizio kinachoniudhi zaidi ni kile cha kusema kwamba kosa ni la mtandao wa huku mikoani. Kwa miaka mingi Ngara na Biharamulo zilipata umeme wa mashine za dizeli, na kukatika kwake hakukuwa siri. Anayeuza chombo huku anapaswa kuijua huku. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, haikudai simu ya bei kubwa wala intaneti. Mtu wa kitochi alibonyeza *150*00# akasoma maelezo kwa Kiswahili. Waliobuni njia hiyo walimwanzia mteja pale alipo. Basi kumbe inawezekana.

Ugonjwa wenyewe umetoka mbali. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliki kwa masharti ya Windows 11, hata kama kioo ni kizima na kila kitufe kinabonyezeka. Hizo ndizo kompyuta zilizojaa katika steshenari zetu. Jembe likiisha makali tunalinoa. Hapa tunaambiwa tununue shamba jipya! Wakati huohuo, tangu mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikwisha kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, bila malipo. Sisi wataalamu tuliisifu kwenye mikutano, kisha tukarudi kuwauzia watu leseni, kwa kuwa kilichotolewa bure hakina kamisheni.

Yule mama nilimwandikia programu nyingine. Haiulizi ruhusa kwa mtu, na kila jioni huchapa orodha ya madeni kwenye karatasi. Karatasi hizo huzibandika katika kaunta buku lenye jalada gumu. Mwaka jana nilimwuliza kama bado analihitaji.

Akanitazama kwa muda. "Na siku tukikosana mimi na wewe, mwanangu?"