Polisi wa Goma: Nani Anashika Buku ya Pili?

Ninyi mliopanda na kushuka njia ya Rubaya mnaijua desturi ya mfuko wa koltani. Kwa miaka mingi mfuko haukuruhusiwa kutoka machimboni bila kupimwa, kuandikwa, na kufungwa etiketi yenye namba. Ulipofika kontwari hapa Goma, karani alifungua buku yake, akaitazama namba, akapima tena. Kilo zikipungua njiani, mtu aliitwa kujibu. Sisi tunaoshika kalamu katika kazi hiyo tumezoea kuulizwa habari ya kilo mbili. Lakini mwenye kubadilisha pesa akipigwa risasi saa moja ya jioni mlangoni pake, kule Majengo au Ndosho, ni buku gani inayoandika damu yake? Na nani anaitwa kujibu?

Msituambie kwamba etiketi nazo zilidanganywa. Tunajua, na wengine wenu mlibeba mifuko hiyo begani. Shirika la Global Witness liliandika mwaka 2022 kwamba kule Nzibira, Kivu ya Kusini, mifuko iliyofungwa etiketi ilikuwa mingi kuliko machimbo ya mahali pale yalivyoweza kutoa. Lakini udanganyifu huo ulijulikana namna gani? Ulijulikana kwa sababu hesabu mbili ziliwekwa kando kwa kando: ile ya etiketi, na ile ya shimo lenyewe. Mwenye buku moja haumbuki, kwa maana hakuna pa kumlinganisha. Nasi tunasema kwamba polisi wa Kivu ya Kaskazini, tangu wakoloni mpaka leo, wamekuwa na buku moja tu, na wanaiandika wao wenyewe.

Tazameni miaka hii ya karibu. Tarehe 6 Mei 2021 mkoa wetu pamoja na Ituri uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, ule walioutaja kwa Kifaransa état de siège. Gavana akawa jenerali, meya wa Goma akawa mkubwa wa polisi, na raia aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai akapelekwa mbele ya baraza la hukumu la askari. Tuliambiwa kwamba dawa ni kali lakini ugonjwa utapona upesi. Pikipiki zikakatazwa kutembea usiku. Mwaka 2024 ikaja operesheni waliyoiita Safisha Muji wa Goma: kartie inazungukwa alfajiri, watu wanatolewa nyumbani, vitambulisho vinatazamwa. Kisha vijana wanaketishwa chini mbele ya wapiga picha, bunduki na simu zimepangwa miguuni pao, na mkubwa anatangaza hesabu: wezi kadha wa kadha, silaha kadha wa kadha. Kesho yake radio zote zinaisoma hesabu ile.

Nzuri. Lakini mwezi mmodi baadaye vijana wale wako wapi? Wangapi walifika parke? Wangapi walihukumiwa, na wangapi walionekana hawana kosa wakaachwa na pole yao? Hesabu hiyo hakuna aliyeisoma radioni. Mkaaji wa Goma aliyeibiwa amezoea kukutana na mwizi wake njiani kabla hajamaliza kulipa deni la vitu alivyoibiwa. Na alipokwenda kushtaki alilipia karatasi ya kuandikia, na mafuta ya jipu ya kumfuata mwizi, na pengine chakula cha yule aliyefungwa kwa ajili yake. Jipu lilipofika, lilifika kumekucha, wakati masufuria na filimbi za majirani zilikuwa zimelia usiku kucha.

Si kwamba polisi hawahesabiwi. Wanahesabiwa, lakini wanahesabiwa kwa kitu kibaya, na hapa inafaa tukumbushane habari ya zamani. Force Publique iliundwa mwaka 1885, katika siku za Leopold wa Pili. Katika nchi za mpira, kule Équateur, askari alidaiwa hesabu ya kila risasi aliyopewa. Ilimpasa aonyeshe kwamba hakuitumia kuwinda nyama, na alama iliyotakiwa ilikuwa mkono wa kuume wa mtu aliyeuawa. Basi, kwa kuwa wakubwa walihesabu mikono, mikono ililetwa kwa vikapu, hata mikono ya watu wazima na hai ambao kosa lao lilikuwa kupungukiwa na mpira. Askari huleta kile ambacho mkubwa wake anakihesabu. Ukihesabu wafungwa, utaletewa wafungwa.

Nchi ilipopata uhuru wake, jenerali Janssens aliwakusanya askari tarehe 5 Julai 1960 kule Léopoldville, akaandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawasawa na baada ya uhuru. Askari waliasi, na yeye alifukuzwa siku chache baadaye. Alikuwa mtu wa kiburi. Lakini katika jambo hili moja ubao wake haujafutwa mpaka leo: ripoti ya polisi hupanda juu kwa mkubwa, haishuki kwa mkaaji.

Mnaweza kusema hayo ni ya mababu. Haya, twende Kinshasa mwaka 2013. Mwezi wa Novemba serikali ilianzisha operesheni Likofi, maana yake ngumi, ili kuwamaliza vijana wanyang'anyi wanaoitwa kuluna. Wakaaji wengi walifurahi, na hatuwalaumu. Aliyekatwa na panga la kuluna hana wakati wa kusoma sheria. Lakini shirika la Human Rights Watch lilipohesabu, lilikuta vijana si chini ya 51 waliouawa na 33 waliopotea, wengine wakiwa hawana habari na kuluna hata kidogo. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa nayo ilitoa hesabu yake katika Oktoba 2014. Na serikali ilijibu nini? Ilimwamuru mkubwa wa ofisi ile, Scott Campbell, aondoke nchini. Aliyeshika buku ya pili alifukuzwa, na buku ya kwanza ikabaki safi, imeandikwa: kazi imefanywa.

Nasi Goma tumeona makubwa zaidi ya hayo. Tarehe 30 Agosti 2023 askari waliwafyatulia risasi waumini waliokuwa wakijitayarisha kuandamana dhidi ya MONUSCO, wakafa watu zaidi ya 50. Siku ya kwanza hesabu iliyotangazwa ilikuwa ndogo mno. Ilipanda kwa sababu watu walioziona maiti hawakunyamaza, na kwa sababu picha za maiti zikitupwa ndani ya lori zilizunguka katika simu. Katika Oktoba ya mwaka ule ule mahakama ya kijeshi ilimhukumu kanali mmoja kifo. Gavana aliitwa Kinshasa. Hebu fikirini: kama zile simu zingezimwa, hesabu ya kwanza ndiyo ingekuwa hesabu ya milele.

Kisha ikaja tarehe 27 Januari 2025, na M23 wakaingia mjini. Siku hiyo gereza la Munzenze lilivunjwa, wafungwa kwa maelfu wakatoka, na wanawake waliokuwa humo, zaidi ya 150, walibakwa. Wengi wao waliteketea motoni. Bunduki zilizotupwa na askari waliokimbia zilizagaa hata watoto waliziokota. Benki zilifungwa. Mfanya kazi akawa analala na mshahara wake chini ya godoro, na mwizi akajua ulipo. Waliokamatwa na majirani walipigwa au kuchomwa moto, na kati yao, hatuna shaka, walikuwamo waliotajwa na adui zao tu. Watu wanaochoma mwizi ni watu waliokwisha kukata tamaa ya kushtaki.

Wakubwa wapya nao walisema wanaleta usalama. Wako watu mjini wanaosema kwamba kelele za risasi za usiku zilipungua, na wako wanaosema kwamba kilichopungua ni ujasiri wa kusema. Sisi hatutaki kubishana kwa maneno. Tunataka hesabu. Human Rights Watch iliandika kwamba tarehe 22 na 23 Februari 2025 watu si chini ya 21 waliuawa na M23 hapa Goma, wengi wao upande wa Kasika. Amnesty International iliandika mwezi wa Mei mwaka huo juu ya raia waliofungwa na kuteswa Goma na Bukavu. Hesabu hizo zimetoka kwa watu wa mbali, waliozikusanya kwa shida, wakiwauliza mashahidi kwa siri. Kwa nini sisi wa Kasika, wa Mabanga, wa Katoyi, tungoje mtu wa mbali atuhesabie wafu wetu?

Tunajua jibu la wengine: ni wakati wa vita, na polisi mwenyewe ana njaa. Ni kweli ana njaa. Polisi anayelindishwa usiku kucha bila mvua kumkinga, ambaye mshahara wake unapita katika mikono mitano kabla ya kufika katika wake, ni mfanya kazi kama sisi, na mdai wake ni mkubwa wake, si mama anayeuza ndizi. Tena tumewaona polisi wema. Buku yetu itamfaa huyo kuliko mtu yeyote. Leo, aliyekimbia kwa miguu kuokoa nyumba inayovunjwa na aliyejificha nyuma ya ukuta wana hesabu moja mbele ya mkubwa. Tukiandika saa alipoitwa na saa alipofika, watatengana.

Wala hatudai kitu kigeni kwa sheria. Sheria ya polisi ya Congo ya tarehe 11 Agosti 2011 inamfanya polisi kuwa mtumishi wa raia, na mwaka 2013 yaliagizwa mabaraza ya usalama ya mahali, ambamo mkubwa wa komini, polisi na wakaaji wakae pamoja, wataje hatari za mahali pao na kupanga namna ya kuzizuia. Ni agizo zuri. Lakini baraza ambalo polisi peke yake anakuja na karatasi, na wengine wote wanakuja na malalamiko ya mdomo, litamsikiliza mwenye karatasi. Kenya walifika mbali zaidi: kwa sheria ya 2011 waliunda ofisi ya kuwachunguza polisi, iliyo nje ya polisi. Haijawazuia polisi wa Kenya kuua, tusidanganyane. Lakini Juni 2025 kijana mwalimu alipokufa ndani ya kasho ya polisi Nairobi, na wakubwa wakasema alijigonga kichwa ukutani, madaktari walipoipima maiti walisema sivyo, uongo haukuishi wiki, na mkubwa wa polisi aliomba radhi mbele ya wabunge.

Basi kiandikwe nini? Siku, saa, avenyu. Kilichotendeka: wizi, kuvunjiwa nyumba, kupigwa risasi, kubakwa, kutekwa. Polisi waliitwa saa ngapi na walifika saa ngapi, au hawakufika. Waliomba pesa, na falanga ngapi. Aliyekamatwa alikwenda wapi, na baada ya mwezi yuko wapi. Hili la mwisho ndilo gumu, maana lataka mtu wa kurudi na kuuliza, na ndilo tunaloliona kuwa la maana kuliko yote. Majina yasiandikwe. Tunarudia: jina la aliyeibiwa, la shahidi na la anayeshukiwa, lolote, lisiwemo. Buku ya majina katika mji huu ni orodha ya kuuawa, na mwenye kuikuta hatauliza iliandikwa kwa nia gani. Kwa mambo ya kubakwa hata avenyu isitajwe, itoshe kartie.

Na nani ashike kalamu? Nyumba kumi anaijua mitaa, lakini anachaguliwa na wakubwa na anawaogopa. Tungependa awepo karibu naye mwanamke mmoja wa soko, na mmoja wa wasukuma chukudu au wenye pikipiki, ambao hupita usiku na kuona. Buku isiwekwe katika biro ya chama chetu. Chama kinaweza kutawala kesho, na siku hiyo polisi watakuwa polisi wetu, nasi tutapenda kusikia habari njema tu. Kila kartie iwe na yake, nakala ipelekwe parokiani, msikitini, au kwa mwalimu mkubwa wa shule, mahali ambapo mtu mmoja akikamatwa karatasi hazipotei.

Mji wetu una kartie 18. Buku ya kurasa mia inapatikana Birere kwa bei ya chupa mbili za bia. Wafanya kazi wa madini waanze na usiku ule wa kulipwa mshahara, kwa maana ndio usiku wanaofuatwa, na mwisho wa mwezi walete jumla tu, si kurasa, tuziweke hapa katika gazeti hili kartie kwa kartie. Mkubwa wa polisi, awe wa serikali gani, akituletea jumla yake tutaichapa kando ya hiyo, kwa herufi za ukubwa ule ule.