Sukari ya Shosh Kitui: Kupimwa Tu Haitoshi

Kama shosh wako ako Mutomo ama Kyuso na anaishi na ugonjwa wa sukari, hii inakuhusu.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 na mikoba yenye kipima sukari. Hiyo ni poa, juu utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha watu wazima karibu 9 kati ya 10 hawakuwa wamewahi kupimwa.

Lakini baada ya kupimwa? Akiambiwa apunguze wanga na sufuriani ni muthokoi, atakula nini? Kliniki ikiangukia siku ya soko, ataenda wapi?

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Majibu wako nayo wagonjwa wenyewe, na kifungu cha 10 cha Katiba kinataka wananchi washirikishwe. Basi waketi kwenye kamati za vituo vya afya, waseme kliniki iwe lini na ushauri wa chakula utolewe vipi kwa Kikamba.

Wewe nawe, usitume doo ya dawa tu. Mpigie, muulize anakwama wapi. Kaunti ikiita watu kujadili bajeti, hakikisha hiyo pointi imefika.