Ukuta Kwanza, Karatasi Baadaye

Kuna karatasi ya kupamba ukuta inayokuja na gundi yake nyuma. Unaweza kuibandika mwenyewe, bila fundi. Lakini gundi haishiki penye vumbi wala unyevu. Ukiibandika juu ya udongo mtupu itabanduka, na fedha yako itapotea.

Kwanza piga lipu. Subiri mwezi mmoja ikauke. Pitisha kiganja ukutani. Kikibaki safi, anza kazi.

Anzia juu. Bandua karatasi ya nyuma kidogo kidogo, huku ukikandamiza kwa kitambaa kutoka katikati kwenda pembeni. Hewa ikibaki ndani, toboa kwa sindano.

Usibandike karibu na jiko wala kibatari. Karatasi hii huweza kushika moto. Huko paka chokaa.