Ganzi ya Goti Hupimwa kwa Kilo

Boda boda ilizaliwa mpakani, huko Busia na Malaba, katika miaka ya 1960, wakati baiskeli zilipokuwa zikivusha abiria. Siku hizi pikipiki ndizo zinazokimbia kati ya Busia na Tororo, na zinapoanguka magoti hayasalimiki.

Goti likihitaji kupasuliwa, si lazima mgonjwa apewe nusukaputi. Mara nyingi huchomwa ganzi ya mgongoni, kisha sindano nyingine huwekwa pajani, kando ya mshipa wa fahamu uendao gotini, ili kuzuia maumivu ya baadaye. Mchomaji, ambaye katika hospitali nyingi za Uganda na Kenya si daktari bali ni ofisa aliyesomea kazi ya usingizi, hana budi kupiga hesabu kwanza.

Kwa lidokeini isiyo na adrenalini, ukomo utumikao sana ni miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60, basi, asipite miligramu 180. Hatari hujificha katika chupa. Dawa ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, hivyo mililita 18 humfikisha ukomoni. Ile ya asilimia 2 humfikisha kwa mililita 9 tu, na kwa macho zote mbili ni kama maji. Mpasuaji akiongeza ganzi ndani ya goti, nayo ihesabiwe, kwani mwilini dozi hizo hujumlika. Bupivakeini hudumu zaidi, pengine nusu siku na kuzidi, lakini ikipita kiasi huudhuru moyo vibaya sana.

Dawa iliyozidi huweza kujitangaza: midomo na ulimi hufa ganzi, ladha ya chuma huja kinywani, masikio huvuma. Degedege na kusimama kwa moyo huweza kufuata. Askari anayenyamaza kwa ushujaa humnyima mtaalamu onyo la mapema.

Uzito utajwe kwa mizani ya siku ile, si kwa kukisia, na ugonjwa wa moyo au wa ini usifichwe, maana dozi hupunguzwa kwa ajili yake.

Hata dozi iliyo sawa huweza kulegeza msuli wa paja. Kwa hiyo mke au ndugu anayeuguza asimwache mgonjwa ashuke kitandani peke yake, wala asimkande kwa maji ya moto mguu ambao bado hauhisi.