Waridi la Timau na Sahihi ya Pekee

Kila alfajiri niendapo shuleni hupishana na akina mama wa Timau waelekeao kwenye mabanda ya nailoni ya mashamba ya maua. Watoto wao ndio ninaowafunza. Karo yao hutokana na waridi linalouzwa Ulaya. Kwa hiyo mikataba ya biashara, idhaniwayo kuwa mambo ya wakubwa, huniingilia hadi darasani.

Tukumbuke mwaka wa 2014. Mazungumzo baina ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya yalipochelewa, maua ya Kenya yalianza kutozwa ushuru tarehe 1 Oktoba, hadi Desemba. Jirani zetu hawakuguswa. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilikuwa katika orodha ya nchi maskini zaidi duniani, ambazo tangu 2001 Ulaya hupokea bidhaa zao zote bila ushuru, isipokuwa silaha. Kumbe kuitwa mwenye nafuu nako kuna gharama yake!

Mwaka wa 2016 Kenya na Rwanda zilitia sahihi. Tanzania ilikataa, ikihofia viwanda vyake vichanga, hofu ambayo mimi siibezi. Februari 2021 wakuu wa Jumuiya waliruhusu aliye tayari atangulie, na Kenya ikatia sahihi peke yake jijini Nairobi tarehe 18 Desemba 2023. Mkataba ulianza kutumika Julai 2024. Uingereza, iliyokwisha kujitoa katika Umoja wa Ulaya, tulikuwa tumepatana nayo kando Desemba 2020.

Sioni kosa katika sahihi hiyo. Anayeiona kosa na aje awaeleze akina mama wale. Linalonikosesha usingizi ni Namanga na Malaba. Tangu 2005 Jumuiya ina Umoja wa Forodha: bidhaa za nje zitozwe ushuru sawa, ziingiliapo popote. Sasa Kenya imekubali kuziondolea ushuru bidhaa nyingi za Ulaya, kidogo kidogo, katika muda wa miaka 25. Je, afisa wa forodha wa Tanzania hatalazimika kufungua kila kasha litokalo kwetu, aulize kama limetengenezwa Nairobi au Hamburg? Na Uganda na Tanzania ndizo zinunuazo bidhaa za viwanda vyetu, ambazo Ulaya haizihitaji.

Mkataba umeacha mlango wazi kwa wanachama wengine wa Jumuiya. Ningependa kuona wajumbe wetu wakienda Dodoma na Kampala kwa bidii ileile iliyowapeleka Brussels.